Kosa la Kuelewa Bila Kibali

Katika Jamhuri ya Shwari hakuna ajali kazini. Zilikuwepo zamani, tena nyingi, lakini serikali ilizifuta kwa tangazo la kurasa mbili. Tangu siku hiyo, mfanyakazi anayekatwa kidole na mashine huwa hajapata ajali. Amepata badiliko la umbo. Wananchi walilipokea tangazo kwa shangwe, hasa wale waliokuwa bado na vidole vya kutosha kupiga makofi.

Sihaba Makame alikuwa mtunza stoo wa Kiwanda cha Taifa cha Sabuni. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na mbili, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Kwa miaka kumi na tano wakubwa wake hawakumwona na kasoro ila moja: alikuwa anasoma. Pipa likiingia stoo, wenzake walisoma jina na idadi wakaweka saini. Sihaba aliinama, akafuta vumbi, akasoma mpaka yale maandishi madogo ya pembeni ambayo mchapishaji mwenyewe hakutaraji yasomwe.

Sasa, kila kemikali ya kiwandani husafiri na karatasi zake. Zina vipengele kumi na sita, na zinaeleza kitu hicho ni nini, kinadhuru vipi, kikikumwagikia ufanye nini, na kisikutanishwe na kitu gani. Katika nchi zisizo na utulivu, karatasi hizo hubandikwa ukutani ili kila mtu azione. Hata Shwari zilikuwa zikibandikwa, mpaka siku ofisa mmoja wa Idara ya Usalama alipopita kiwandani kuchukua sabuni za nyumbani kwake akaona juu ya karatasi maandishi makubwa: TAARIFA ZA USALAMA.

Yule ofisa alitoka jasho. Taarifa za Usalama! Zimebandikwa stoo, kando ya mifagio!

Kufikia jioni karatasi zote zilikuwa zimebanduliwa, zimepigwa muhuri wa SIRI, na kufungiwa ndani ya sefu la chuma. Aliletwa pia mtu wa kulilinda sefu hilo, Afande Kitunguli, mwenye shingo nene na masharubu yaliyochanwa vizuri. Afande alikaa mbele ya sefu kutwa nzima na kumtazama kwa ukali kila aliyekohoa.

*

Jumatatu moja yaliingia mapipa tisini ya kitu kipya kilichoitwa Msafisho Namba Saba. Kumi yalibaki kiwandani kwa Sihaba, na mengine yalikuwa yasambazwe siku zinazofuata katika viwanda vingine na katika dobi la hospitali kuu, panapofuliwa mashuka. Sihaba alijaza daftari la kupokelea mzigo, kisha akainama kusoma ubavu wa pipa.

Hakukuwa na cha kusoma. Vijana wa rangi walikuwa wameshapita.

"Baada ya siku nne Mheshimiwa Waziri anakuja kuzindua," alieleza Meneja Mkuu, Daktari Nzowa, akipunga mkono kuelekea safu ya mapipa yaliyong'aa kijani cha taifa. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa kwa kuhudhuria mahafali kumi na mbili bila kusinzia. "Yale mafuvu na mifupa yalikuwa yanaharibu picha. Tumepaka yote, hata yale ya zamani. Huoni yanavyopendeza?"

"Yanapendeza, Daktari. Lakini sasa yote ni sawasawa."

"Ndio usawa tulioupigania."

Siku ya uzinduzi, alieleza, Waziri angefungua koki kwa mkono wake mwenyewe, na Msafisho ungemiminika ndani ya tangi kubwa na kulisafisha mbele ya wageni. Sihaba aliuliza kama tangi lilikuwa tupu. Daktari Nzowa akasema halikuwa tupu, ndani mlikuwa na masalio ya dawa ya kung'arishia nguo, kiasi cha lita mia tatu, na hilo lilikuwa jambo jema kabisa, maana tangi lililo safi halina haja ya kusafishwa.

Dawa ya kung'arishia Sihaba aliijua. Ilikuwa na klorini, na karatasi zake alizisoma zilipokuwa bado ukutani. Alikumbuka kwamba kulikuwa na kitu haitakiwi kukutana nacho. Msafisho Namba Saba ndio asioujua.

Akaenda kwa Afande Kitunguli.

*

"Fomu," alisema Afande bila kuinua macho.

Fomu ilikuwa na swali moja tu: *Taja kwa ukamilifu yaliyomo ndani ya waraka unaoomba kuusoma.*

"Afande, siyajui. Ndiyo maana naomba kusoma."

"Unaombaje kitu usichokijua? Hiyo ni tamaa."

Sihaba alifikiri kidogo, akachukua kalamu, akaandika: *Maneno.*

Afande alilitazama jibu, akalinganisha na karatasi iliyokuwa ndani ya sefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Si unaona? Ulikuwa unajua, unataka kunisumbua bure." Akampa karatasi ya pili. "Weka saini hapa. Unathibitisha kwamba utasoma kwa dakika kumi, ukiwa umesimama, uso ukutani, na hutaelewa."

"Sitaelewa?"

"Kusoma ni haki ya raia," alisema Afande, na sauti yake ikawa ya upole kama ya mwalimu wa chekechea. "Kuelewa ni kazi ya Idara."

Sihaba akaweka saini. Akasimama kuelekea ukuta, akafungua ukurasa wa kwanza.

Kipengele cha kwanza kilitaja jina halisi la Msafisho Namba Saba. Ilikuwa tindikali, tena kali. Hakupoteza muda, akafunua moja kwa moja mpaka cha kumi. *Usikutanishe na dawa za kung'arishia zenye klorini. Mkutano huo huzalisha gesi ya sumu.* Akarudi cha sita. *Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Ondoka upesi kuelekea upepo unakotoka. Panda mahali pa juu. Usilale wala usitambae.* Akarudi cha nne. *Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi. Aketi, mgongo umeegemea. Asitembee. Macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka, si chini ya dakika kumi na tano.* Cha kumi na moja kilieleza kinachoyapata mapafu. Alikisoma mara moja, hakutaka kukirudia.

"Dakika kumi!" Afande aliinyakua karatasi, kisha akamkazia macho. "Mbona uso umebadilika?"

"Joto, Afande."

"Umeelewa?"

Kwa sheria ya Shwari, kuelewa waraka wa usalama bila kibali kulikuwa na kifungo au kufukuzwa kazi, kutegemea na kiasi cha uelewa.

"Hapana, Afande. Maneno ni magumu."

"Vizuri sana," Afande alisema kwa furaha ya kweli, akafunga sefu.

*

Siku tatu zilizofuata Sihaba hakupata usingizi wala hamu ya kula. Alikwenda kwa Daktari Nzowa mara mbili. Mara ya kwanza alisema anahofia. Daktari akamkumbusha kwamba hofu ilifutwa katika tangazo lile lile lililofuta ajali, ukurasa wa pili. Mara ya pili aliomba tangi lioshwe kwanza kwa maji mengi.

"Maji?" Daktari Nzowa alishangaa. "Waziri atoke mji mkuu, na msafara wa magari kumi na manane, aje kuzindua maji? Na kwa nini maji? Kuna kitu umesoma?"

"Nimesoma, Daktari. Kwa kibali."

"Umeelewa?"

Akatazama sakafu. "Hapana."

"Basi usinipe ushauri wa mtu aliyeelewa."

Mtu pekee aliyembakia alikuwa Shomvi, mchanganyaji mkuu, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa aliyeanza kazi pale kabla kiwanda hakijawekewa paa. Alimkuta akifunga utepe wa kijani kwenye ngazi ya tangi, akamweleza yote kwa mnong'ono, huku akijifanya anahesabu ndoo.

Shomvi aliendelea kufunga utepe. Alipomaliza fundo, alisema, "Mimi ndiye nitakayesimama pale kwenye koki na Waziri."

"Najua, Kaka Shomvi. Ndiyo maana nimekuja. Jifanye unaumwa."

"Nikijifanya naumwa, Daktari ataweka mwingine. Ataweka nani? Yule binti mgeni wa kufungasha. Yeye ataiona hiyo gesi akadhani ni mvuke." Alifuta mikono kwenye ovaroli. "Mimi angalau najua koki inafungwa upande gani. Lile tangi siwezi kulimwaga kabla?"

"Afande ameliwekea lakiri. Na askari wawili."

"Basi kazi yangu ni kufunga. Yako ni kuwatoa watu. Mlango wa nyuma ukoje?"

"Umefungwa kwa kufuli tangu mwaka juzi. Wanasema unaingiza upepo."

"Ufungue," alisema Shomvi. "Tunautaka huo upepo."

Asubuhi ya uzinduzi Sihaba alilikata kufuli kwa msumeno wa chuma, akalirudisha mahali pake likining'inia kama zima. Ngazi za kupandia roshani ya juu zilikuwa zimezibwa kwa viti vya wageni wa ziada. Alivihamisha kimoja kimoja.

*

Mheshimiwa Ndumbalo, Waziri wa Viwanda, Utulivu na Pongezi, alihutubia kwa saa moja na nusu. Alikuwa mfupi, mnene, na kila sentensi yake aliisindikiza kwa kidole.

"Nchi nyingine," alisema, "hupima maendeleo kwa wingi wa bidhaa. Sisi tumevuka huko! Sisi tunapima kwa wingi wa uzinduzi! Mwaka jana tulizindua viwanda arobaini. Mwaka huu, kwa kuvizindua vile vile upya, tumefika themanini!"

Makofi yakapigwa. Sihaba alikuwa amesimama kwenye ngazi ya tatu ya roshani, mkono kwenye chuma, akimtazama Shomvi. Shomvi alikuwa kando ya koki, mikono nyuma, ameikunja mikono ya ovaroli mpaka kwenye viwiko. Macho yao yalikutana. Shomvi akaashiria kwa kidevu kuelekea mlango wa nyuma. Sihaba akaitikia.

Waziri aliisogelea koki. Bendi ilianza kupiga. Akaizungusha, mara moja, mbili, tatu, na Msafisho Namba Saba ukaanza kuteremka kwa sauti ya mtu anayekunywa kwa pupa.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha ndani ya tangi kukasikika mchemko. Halafu juu ya ukingo pakachungulia ukungu wa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Ulisita pale kidogo, kisha ukaanza kuteremka ubavuni mwa tangi, taratibu, ukishuka kuelekea sakafuni kama unaotafuta mahali pa kukaa.

"Hii nayo imo kwenye ratiba?" Waziri aliuliza.

"Imo, Mheshimiwa!" Daktari Nzowa alijibu papo hapo. "Ni rangi ya taifa!"

Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi.

Mpiga tarumbeta ndiye wa kwanza kuacha. Aliiangusha tarumbeta akashika koo. Kisha mstari wa mbele wote ukaanza kukohoa, na harufu ikawafikia wa nyuma, kali ya kuchoma pua mpaka machozi. Walinzi wa Waziri walifanya kama walivyofunzwa katika zoezi la taifa la dharura. Walipiga kelele "Lala chini!" na kumwangusha Waziri kifudifudi, wakamlalia. Watu mia mbili, wenye nidhamu ya miaka mingi, wakaanza kulala chini, palepale ukungu ulipokuwa unaelekea.

Sihaba alikuwa hajawahi kupaza sauti tangu utoto.

"Msilale!" alipiga kelele. "Simameni! Inatambaa chini! Simameni mtakufa! Mlango wa nyuma, wazi! Wengine pandeni huku!"

Walimtazama. Walimtazama Daktari Nzowa pia, lakini Daktari Nzowa alikuwa tayari ameshapita mlango wa nyuma. Hilo liliwasaidia kuamua.

Sihaba alishuka akamvuta binti wa kufungasha kwa mkono, akamsukuma ngazini, akamshika mlinzi mmoja ukosi wa koti. "Mwinueni Waziri! Mnamuua! Kichwa juu!" Mlinzi, ambaye macho yake yalikuwa yanamwaga machozi, alitii kwa sababu ndiyo sauti pekee pale iliyokuwa na maelekezo. Wakamwinua Mheshimiwa kama gunia na kumkimbiza nje, upande ambao upepo ulikuwa unatokea.

Shomvi alikuwa bado kwenye koki. Ilikuwa imekwama. Rangi ya taifa ilipakwa mpaka kwenye uzi wake wa kuzungukia. Ukungu ulikuwa umemfika kifuani. Aliinua kidevu juu, akafumba macho, akaizungusha kwa mikono miwili, na Sihaba, aliyekuwa amerudi ngazini, akamwona akitetemeka kwa nguvu aliyotumia. Mara mchirizi ukakatika. Shomvi akageuka, akapiga hatua nne kuelekea ngazi, ya tano ikamshinda. Sihaba aliinama, akiwa ameshikilia pumzi, akamnasa mkono, na yeye na mlinzi mmoja aliyerudi wakamburuta mpaka juu, kisha nje kupitia mlango wa roshani na ngazi za nje.

Uwanjani walitaka kumlaza. "Asilazwe!" alisema Sihaba. "Mketisheni, aegemee. Asitembee. Leteni gari." Akamfungulia Waziri bomba la bustani machoni, akamshika kichwa.

"Inatosha," Waziri alilia baada ya dakika mbili.

"Bado kumi na tatu, Mheshimiwa."

Afande Kitunguli alikuwa ameketi kwenye nyasi, masharubu yamelowa kamasi, ufunguo wa sefu ukining'inia shingoni. Alimtazama Sihaba akitoa maagizo, akasikiliza kwa makini, na taratibu uso wake ukaingia huzuni.

"Ulisema hukuelewa," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

*

Tume ilikutana baada ya siku tano, ikiongozwa na Waziri Ndumbalo mwenyewe, macho mekundu, kitambaa mkononi. Hakuna aliyefariki, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuthibitisha kwamba hakuna kilichotokea. Shomvi alikuwa hospitali na bomba la hewa puani. Madaktari walisema atapona, ila ngazi na kazi nzito asahau. Tume iliandika kwamba amepata badiliko la pumzi. Lililobaki ni kosa la Sihaba.

Kabla ya kikao, Waziri alimwita chumba cha pembeni. Aliongea bila kidole.

"Mama, uliniokoa. Sitaki kukufunga. Ukisema ulibahatisha tu, nitakuvisha Nishani ya Bahati mbele ya taifa. Utarudi stoo kwako. Nitakuuliza mara moja tu."

"Mheshimiwa, yale mapipa mengine..."

"Ziara ya kuzindua Msafisho inaendelea. Kesho kiwanda cha ngozi. Keshokutwa dobi la hospitali. Sijapewa taarifa yoyote kwamba kuna tatizo. Taarifa ziko kwenye sefu."

Sihaba aliketi kwenye kiti cha mshitakiwa. Katika dobi la hospitali, alijua, walikuwa wanafulia mashuka kwa dawa ya kung'arishia, madumu kwa madumu, katika chumba chenye dirisha moja. Na Shomvi alikuwa amelala ghorofa ya juu ya chumba hicho.

"Sihaba Makame," aliuliza Waziri, akimtazama kama anayemsihi. "Uliposoma waraka ule, ulielewa?"

Karani aliinua kalamu. Afande Kitunguli alifumba macho.

"Nilielewa," alisema Sihaba.

Waziri alishusha pumzi, akakohoa, akavaa tena sauti yake ya hadhara. Sheria ya Shwari ilikuwa wazi: kosa la kuelewa lazima liandikwe kwa ukamilifu, jambo kwa jambo, ili adhabu ilingane na uelewa.

"Ulielewa nini? Karani, usiache hata neno. Kila neno ni ushahidi."

Basi Sihaba akaanza. Alisema jina halisi la Msafisho Namba Saba. Alisema usikutanishwe na nini, na ukikutana nacho kinatoka nini, kinatambaa wapi, mtu akimbilie upande gani, aketishwe vipi, aoshwe macho kwa dakika ngapi. Aliposahau kitu alinyamaza mpaka akakikumbuka, na kikao kizima kikamngoja, maana hakuna aliyetaka kesi iharibike kwa ushahidi pungufu. Karani aliandika kurasa sita.

Alipatikana na hatia ya makosa thelathini na nane ya kuelewa. Alifukuzwa kazi, akapigwa marufuku kukanyaga stoo yoyote ya Jamhuri maisha yake yote. Na ili liwe onyo kwa wengine, Tume iliagiza hukumu isomwe redioni jioni ile ile, na nakala zake zibandikwe malangoni pa viwanda vyote, mahali pa wazi, kwa herufi kubwa, pamoja na orodha kamili ya mambo ambayo raia mwema hapaswi kuyaelewa.

*

Asubuhi iliyofuata Sihaba alikwenda hospitali kumpelekea Shomvi uji. Kupita kwa nyuma kulikuwa karibu zaidi, kwa hiyo alipita dobi.

Nje ya mlango, wanawake kama ishirini wenye aproni zilizolowa walikuwa wamejikusanya mbele ya ubao. Mmoja wao, mikono myeupe kwa povu, alikuwa anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Kosa la kumi. Mshitakiwa alielewa kwamba... Msafisho Namba Saba usikutanishwe..." Alisoma mpaka mwisho wa kosa hilo. Wawili wakaingia ndani. Baada ya muda walitoka wakiviringisha pipa la kijani, wakalipeleka mbali, mpaka kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja. Wakarudi kuchukua la pili.

Askari aliyewekwa kulinda ubao, mtu mzima mwenye buti zilizochakaa, aliwatazama wakipita. Hakuwazuia. Alipoona wengi wametawanyika alimsogelea Sihaba, ambaye hakumjua, akidhani ni mmoja wa wafuaji.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "samahani. Mimi kusoma kunanipiga chenga. Mke wangu anafanya kazi kiwanda cha ngozi, na Waziri anafika huko saa nane. Hebu nisomee lile la gesi, polepole, nikampigie simu."

Sihaba aliweka chupa ya uji chini. Hakuugeukia ubao. Akamwambia yote tangu mwanzo, polepole, kama alivyoomba, na kila alipomaliza jambo moja alimngoja alirudie.